Dakika Tatu za Kimya

Siku ya gulio pale Nyakanazi, gari la matangazo la Limi lilisikika kabla halijaonekana, na kilichosikika hakikuwa tangazo bali mluzi. Ulitoka kwenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya paa, ukapanda kila alipokanyaga mafuta na kushuka kila alipoachia. Wauza dagaa walishauzoea. Madereva wa malori ya Rusumo hawakuuzoea, na mmoja wao alisogea dirishani akamuuliza kama anatangaza msiba au anachemsha chai.

Limi hakuwa mtu wa kuchokozwa hivi hivi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, amevaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa, na juu yake koti la jinzi la marehemu baba yake, mikono kaikunja mara mbili. Hata gari lenyewe, Noah nyeupe iliyochakaa, lilikuwa la baba yake. Mzee huyo, Msukuma aliyeitwa Shibuda, alihamia Nyantakara na ng'ombe kutoka Shinyanga, akauza ng'ombe akanunua gari, na kwa miaka kumi na miwili haikupita chanjo wala msiba Biharamulo bila watu kusikia sauti yake. Alipofariki, binti akashika maiki. Basi akamjibu yule dereva kwa maiki, mbele ya gulio zima, kwamba amepotea dereva mmoja wa lori mwenye maneno mengi, atakayemwona amrudishe kwa mke wake.

Watu walicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa kwenye banda la redio za magari: kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli ya buluu imefungwa mikono kiunoni, testa ya kupimia umeme inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitoka akasimama mbele ya gari, akainua mkono kama trafiki.

"Zima feni," alisema.

"Na wewe hujambo?"

"Samahani, dada. Sijambo. Zima feni, halafu kanyaga mafuta taratibu."

"Nikishamaliza nikuimbie?"

"Ukitaka. Lakini kwanza tuutoe huo mluzi, maana unakuibia sauti yako."

Jina lake lilikuwa Benedicto, Mhangaza wa Bukiriro, Ngara, na kazi yake ilikuwa hiyo: redio zinazokoroma, skrini zinazopitisha mistari mara injini ikiwaka, spika zinazolia zenyewe. Mafundi wengine walitafuta ubovu kwa kufungulia muziki mkubwa. Yeye alizima muziki. Aliunga simu yake na redio ya gari kwa bluetooth, akafungua faili moja lililoitwa KIMYA. Lilikuwa la dakika tatu, na ndani yake hamkuwa na kitu chochote. Alimweleza Limi kwamba kelele hujificha nyuma ya muziki, ila ukipiga kimya inakosa pa kujificha.

Akalala chini ya dashibodi, akahamia nyuma ya kiti. Fundi aliyetangulia alikuwa amefunga ethi ya redio, yaani waya wa ardhi, mbele na ethi ya amplifaya nyuma, tena juu ya rangi. Benedicto akaeleza akiwa amejikunja mle ndani, miguu tu ndiyo inaonekana, kwamba vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja vikikanyaga ardhi mbili tofauti, umeme wa oltaneta inayochaji betri unazunguka katikati yao, na huko kuzunguka ndiko kunakolia. Akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, akazileta nyaya zote mbili kwenye bolti moja. Waya wa sauti akauhamisha upande wa pili, mbali na waya mnene wa betri. Kisha akaingia kiti cha abiria, akamwambia awashe gari na akanyage.

Injini ilinguruma. Kwenye skrini sekunde za KIMYA zilikuwa zinahesabika. Juu ya paa hakukuwa na kitu. Waliketi hivyo, mabega yakikaribiana, wakisikiliza kisichokuwepo, mpaka dakika tatu zikaisha. Limi aligeukia dirishani. Baba yake alikuwa amepiga kelele juu ya mluzi ule mpaka koo likaharibika, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ni bolti moja.

"Unalia?" Benedicto aliuliza.

"Vumbi."

"Basi nalo nitalitafutia dawa," alisema, na Limi akacheka huku anafuta macho kwa mkono wa koti la baba yake.

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikuwa ya simu kuliko ya macho, kwa sababu Limi alikuwa njiani siku nzima. Benedicto aliipanga redio ya Noah ipokee simu yenyewe baada ya milio mitatu, ili mpenzi wake asiachie usukani. Kila asubuhi alipiga. Yeye alimwita Sauti, na Limi alimwita fundi Kimya. Limi alimtania kwamba Wahangaza wakikosa ndizi siku mbili wanaandika wosia, naye akamjibu kwamba Msukuma akioa hamhesabu mke, anahesabu ng'ombe waliotoka zizini.

"Wa kwangu wataanzia thelathini," Limi alimwambia asubuhi moja, akiwa anakata kona kuingia mjini Biharamulo. "Mimi si wa kuchukuliwa kwa mkungu wa ndizi."

"Nitaleta mkungu na mama yangu juu yake."

"Mama yako nitamsalimia kwa Kihangaza."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, kichwa maji. Kila siku nakuuliza maneno, ulidhani nachezea vocha?"

Ni kweli alikuwa anajifunza. Alijua kusalimia mkwe, kuuliza habari za shamba, kupokea maji kwa heshima. Benedicto alikuwa amemwahidi kumpeleka Bukiriro mwezi wa nane, na Limi alishashona gauni la safari hiyo, la kijani, lenye mikono mirefu kwa ajili ya ukwe.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Benedicto hakumwambia, na hapa simwonei huruma. Mama yake, Josefina, alikuwa amemchagulia Melania, binti mshonaji wa Mugoma. Tangu Pasaka alimuuliza mwanawe kwenye simu mara tatu: tupeleke pombe ya posa? Mara tatu Benedicto alinyamaza, kisha akauliza habari za kahawa. Alinyamaza kwa sababu alimpenda mama yake na hakutaka kumuumiza kwa kumkatalia. Nyumbani kwao, mtoto anayenyamaza mbele ya mzazi amekubali. Alilijua hilo tangu utotoni, na bado alijidanganya kwamba kukaa kimya ni kuahirisha tu.

Gulio la mwisho la mwezi wa saba, Limi aliegesha katikati ya soko akitangaza chanjo ya ng'ombe. Benedicto alimwachia simu yake garini ili katikati ya matangazo zipigwe nyimbo zake, naye akaenda kununua chai. Wimbo ulikatika. Simu ikaita mara tatu, redio ikapokea yenyewe kama ilivyofundishwa, na sauti ya mama mtu mzima ikatoka juu ya paa, safi kabisa, bila mluzi, ikafika mpaka kwa wauza mbuzi.

Josefina aliongea Kihangaza, na Limi alielewa kila neno. Mama alisema pombe imepokelewa Mugoma. Alisema ukoo wa Melania umekunywa mitungi yote, wamebariki, na baba mdogo Idefonsi ndiye aliyeibeba kwa niaba ya Benedicto. Alisema anamshukuru Mungu kumpa mtoto msikivu, maana nilikuuliza mara tatu, mwanangu, na mara tatu hukunipinga.

Wahangaza waliokuwa sokoni walipiga vigelegele. Mama akasikia kelele zile, akauliza: Bene, upo? Mbona husemi? Limi alikuwa na ile salamu ya mkwe tayari mdomoni, aliyoifanyia mazoezi miezi mitatu. Aliimeza, akabonyeza kitufe, akakata.

Benedicto alifika mbio, vikombe viwili mkononi, nusu ya chai imemwagikia ovaroli. Soko zima lilikuwa linampongeza.

"Sikukubali," alisema. "Limi, naapa sikukubali."

"Ulikataa?"

"Sikukataa."

"Sasa ulisema nini?"

Alitazama vikombe. "Nilinyamaza."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

Limi alimrudishia simu yake dirishani, taratibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Alimwambia kwamba anaweza kusikia ubovu wa gari likiwa bado barabarani, ila wa kwake hausikii. Kisha akawasha injini, akaondoka, na tangazo la chanjo siku hiyo halikumaliziwa.

Benedicto alifunga banda, akapanda basi la Ngara, akaenda kuirudisha posa. Siku tano hakupiga. Limi alizunguka Biharamulo akitangaza vifo na mikutano ya watu wengine, na kila mara wimbo ulipokatika alitazama skrini. Siku ya sita, Jumapili mchana, alikuwa ameegesha kando ya barabara pale Lusahunga. Vipaza sauti vya juu vilikuwa vimezimwa. Simu iliita mara tatu, redio ikapokea, na sauti ya Benedicto ikajaa ndani ya gari.

Alikuwa Ngara mjini, na alimweleza yote bila kupumzika. Alikuwa amesema siwezi, mbele ya baba yake mdogo na wazee wa pande zote mbili. Idefonsi alimjibu kwamba pombe iliyokwisha kunywewa na koo mbili hairudi mtungini, na atakayetaka kuirudisha ajue anamrudisha na binti wa watu nyumbani kwao akiwa na aibu. Mama yake hali chakula. Melania ameshaacha cherehani Mugoma, yuko Bukiriro jikoni, anampikia mama uji, na hajamkosea mtu yeyote.

"Bado nakupenda wewe," alisema. "Sema neno moja tu, Limi. Sema rudi. Nitaondoka sasa hivi, hata kwa miguu."

Limi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, na alitaka kulisema kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu baba yake azikwe. Lakini alitaka pia kwamba kwa mara moja mwanaume huyu aamue mwenyewe, aseme narudi, bila kusukumwa na sauti ya mwanamke, awe mama yake au yeye. Basi akasubiri. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni, naye akajiziba mdomo ili kilio kisisikike. Redio ilikuwa safi mno. Haikuwa hata na mkoromo wa kumwambia Benedicto kwamba upande wa pili kuna mtu analia.

Benedicto alisubiri kimya kile. Akakielewa kama kinavyoeleweka kwao, kwamba Limi ameridhia amwoe Melania.

"Nimekuelewa," alisema mwishowe. "Ahsante kwa kunirahisishia."

Simu ikakatika. "Rudi," Limi aliiambia redio. Akashika simu, akapiga, ikamjibu kwamba inatumika. Benedicto alikuwa anampigia mama yake.

Limi hakupiga tena. Alijiambia kwamba mtu anayeelewa haraka hivyo alikuwa anautafuta mlango siku nyingi. Naye Benedicto, siku ya arusi, alijiambia kwamba mwanamke mwenye sauti kama ile, aliyejibu matusi ya dereva mbele ya gulio zima, angetaka angesema. Wote wawili walikosea, na hakukuwa na fundi wa kuwaambia. Benedicto alihamishia banda lake Ngara mjini. Gauni la kijani Limi alilivaa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, mikono ikambana.

Ulipita mwaka na miezi minne. Limi alipata mtu wa kumposa, akamkataa kwa sauti, ili pasiwe na shaka. Gari lilikuwa zima. Jina la simu ya Benedicto lilibaki kwenye orodha ya redio, na kila alipotaka kulifuta alijikuta ana kazi nyingine.

Siku moja ya gulio, saa tano asubuhi, basi la kutoka Ngara lilisimama ubavuni mwa Noah pale Nyakanazi, abiria wanunue mahindi ya kuchemsha. Limi alikuwa ameshika maiki, anajiandaa kutangaza mnada. Skrini ya redio ikawaka yenyewe. Jina likatokea, na chini yake maneno kwamba simu imeungwa.

Aliinua macho. Kwenye dirisha la tatu la basi alikuwa ameketi Benedicto, amevaa shati jeupe la safari, ndevu zimeanza kuota. Pembeni yake mwanamke mdogo mwenye kitambaa cha buluu alikuwa amesinzia, na mtoto mchanga kifuani. Benedicto alikuwa anatazama vipaza sauti juu ya paa. Akashusha macho polepole mpaka yakafika kwa dereva.

Hakumpungia mkono. Angeweza kupiga, redio ingepokea baada ya milio mitatu, na gulio zima lingesikia. Aliinama, akagusa simu yake.

Kwenye skrini pakaandikwa KIMYA, na sekunde zikaanza kuhesabika.

Limi aliweka maiki chini. Alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akakanyaga mafuta taratibu kama alivyofundishwa. Injini ilipanda, ikashuka. Juu ya paa hakukutoka mluzi wala mkoromo. Waliketi hivyo, kila mmoja nyuma ya kioo chake, na hakuna aliyeondoa macho. Safari hii kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Ilifika dakika moja, ikafika mbili. Kwenye dakika mbili na sekunde kumi na moja kondakta aligonga bati, basi likasogea, mtoto akaamka, na Benedicto akageuka kumpokea. Basi lilipofika penye malori sekunde zilisimama, kisha jina likapotea.

Mama mmoja muuza dagaa alisogea dirishani akauliza kama vipaza sauti vimeharibika tena, maana anaona gari linanguruma na hakuna kinachotoka.

"Hapana, mama," Limi alisema. "Ni vizima kabisa."

Akafuta uso kwa mkono wa koti, akashika maiki, akatangaza mnada.