Uzito wa Moris

Ijumaa, saa kumi jioni. Mbinga, Julai 1956.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha Walburga kilinuka pombe ya jana na petroli ya leo. Mezani ilikaa silinda hedi ya gari dogo la Moris, kile kifuniko cha juu cha injini, imekwanguliwa mpaka inang'aa.

"Kichuma hiki ndicho kitakachotutoa?" aliuliza Ildefonsi.

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Koplo wa zamani, alipigana Burma, akarudi na kovu alilopewa pamoja na bastola aliyoiba.

"Nimeikwangua kwa msasa juu ya kioo cha dirisha," alisema Egidi, fundi wao. "Siku tisa. Sasa petroli inabanwa zaidi, inasukuma pistoni kwa hasira. Kabureta nimeitoa kwenye gari kubwa lililotumbukia mtoni. Ekzosi nimekata, nimeweka bomba la maji. Nilichonunua ni msasa tu."

"Itaishinda Landrova ya polisi mlimani?"

"Nikipunguza uzito. Kiti cha nyuma nimetoa. Bampa nimetoa. Gurudumu la akiba nimetoa."

"Na nini tena?"

"Tena tumebaki sisi."

Izidori alicheka. Ildefonsi hakucheka.

Izidori alikuwa shemeji yake Egidi, mdogo wa marehemu mkewe, Kalista. Kijana wa miaka ishirini na minne, mabega kama mlango, amelelewa na mapadri tangu akiwa mtoto. Kalista alikufa barabarani akiwa na mimba, amelazwa kwenye machela, hospitali bado maili sita. Landrova ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, iliwapita. Kiti cha nyuma walikaa mbwa wake wawili. Egidi alipunga mikono mpaka vumbi likatua. Neno la mwisho la Kalista lilikuwa, "Izidori usimwache." Egidi aliapa. Halafu akamleta kwenye chumba hiki.

Ildefonsi alichora mezani kwa kidole kilicholowa pombe.

"Kesho wanakusanya kodi Kigonsera. Askari wawili, karani mmoja, sanduku moja la chuma. Mzungu wao wa polisi atakuwa ndani anakula. Saa sita kamili kengele ya misheni inalia. Kila mtu anasimama, anavua kofia, anafumba macho. Sala ya Malaika wa Bwana. Hata askari wanaegemeza bunduki. Nimewatazama Jumamosi tatu."

"Wote?" aliuliza Egidi.

"Wote. Mimi nachukua sanduku. Izidori anachana matairi ya Landrova. Wewe unawasha gari. Mlio wa kwanza wa hilo bomba lako wausikie sisi tukiwa ndani. Jioni tuko Mbaha, ziwani, mtumbwi unatungoja. Kesho kutwa tuko Nyasaland, watutafute."

"Koplo, na mtu akifumbua macho?" Izidori aliuliza.

"Nitamfumba mimi."

Jumamosi, saa tano na dakika hamsini. Kigonsera.

Moris ilijificha nyuma ya mikaratusi. Mbele ya baraza watu walipanga mstari kwenye jua, wamekunja vyeti vya kodi vya mwaka jana mikononi. Wazee waliovunja migongo kuchimba ngolo, mashimo ya kulimia mlimani, wanasimamishwa kama wezi, ili mtu wa mbali anunue mafuta ya kutembezea mbwa.

"Kisu unacho?" Egidi aliuliza.

"Ninacho, shemeji."

"Matairi mawili yanatosha. Usiwe shujaa."

"Wewe chunga gari lako lisikohoe."

Wakashuka, Izidori na Ildefonsi, wakaingia kwenye watu kama walipa kodi wengine.

Saa sita kamili.

Kengele ililia. Mstari wote ukanyamaza. Kofia zikashuka. Askari wawili wakaegemeza bunduki ukutani, wakakunja mikono. Karani akafumba macho, kalamu bado sikioni.

Ildefonsi alitembea. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu wanaosali, akafika mezani, akashika sanduku.

Izidori alifika kwenye Landrova. Akachutama. Akatoa kisu. Kengele ikapiga mara ya pili, na mkono wake ukasimama hewani. Egidi aliona kila kitu kutoka kwenye miti. Aliona kisu kikiwekwa chini taratibu. Aliona magoti yakigusa vumbi. Kijana akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akainamisha kichwa.

"Izidori!" Egidi alinong'ona ndani ya gari, kama kwamba angemsikia. "Mama yangu! Chana! Chana!"

Miaka kumi na miwili shuleni kwa mapadri. Mwili ulisali wenyewe kabla kichwa hakijakumbuka kilichokuja kufanya.

Karani akafumbua macho. Meza haina sanduku.

"Mwizi!"

Ildefonsi akampiga risasi ya mdomo. Meno yalimwagika kwenye daftari. Watu wakalala chini. Askari wa kwanza akashika bunduki, risasi ya pili ikampasua shingo, akakaa chini akijishika kama anayejifunga kola. Askari wa pili akafyatua. Izidori alikuwa ameinuka, anakimbia, mikono mitupu. Risasi ilimwingia nyuma ya kiuno.

Egidi akawasha. Bomba la maji likanguruma. Aliileta Moris mpaka barazani, akamvuta Izidori kwa ukosi, akamtupa nyuma pasipo na kiti. Ildefonsi akaingia na sanduku.

"Matairi?"

Egidi alikanyaga mafuta. Mzungu alikuwa tayari ameruka kwenye Landrova na askari aliyebaki, kitambaa cha chakula bado shingoni.

Saa saba kasoro dakika tano. Mbinga.

Walipita sokoni bila kupunguza mwendo. Mbuzi mmoja akabaki barabarani. Kwenye tambarare Moris iliikimbia Landrova mpaka ikawa vumbi tu huko nyuma.

"Shemeji," Izidori alisema. Damu ilikuwa inatiririka kwenye bati tupu la sakafu. "Nisamehe. Sikujua kama nimepiga magoti."

"Nyamaza. Bana hapo kwa shati."

"Alisali!" Ildefonsi alisema. "Tunaua watu, yeye anasali!"

Saa nane na dakika kumi. Mlima wa mwisho.

Barabara ilipanda kama ngazi. Kila upande miteremko ya ngolo, mashimo kwa mashimo, mpaka bondeni. Kule juu, mlima ukiisha, ziwa linaonekana. Moris ilipanda gea ya pili, kisha ya kwanza. Injini ikaanza kugonga, tak, tak, tak. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Nyuma, vumbi la Landrova lilikuwa limekuwa gari.

"Inakufa," alisema Ildefonsi.

"Haifi. Moto wa plagi unawahi mno. Nikirudisha distributa nyuma kidogo, itapanda. Nusu dakika."

"Ina mzigo mzito."

Egidi hakupenda alivyolisema.

"Nusu dakika, Koplo. Usimguse."

Akasimamisha gari, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Mvuke ukamchoma uso. Alilegeza bolti, akaishika distributa kwa kitambaa, akaizungusha upana wa ukucha. Injini ikatulia. Sauti ikawa safi. Alikaribia kucheka.

Mlio mmoja wa bastola.

Akachungulia pembeni ya boneti. Ildefonsi alikuwa amefungua mlango, anasukuma kwa mguu. Izidori alitoka kichwa kwanza, akaviringika mteremkoni, akakwama kwenye shimo la tatu la ngolo, uso juu, jicho moja limekwenda.

"Sasa ni nyepesi," alisema Ildefonsi. "Endesha."

Egidi alirudi chini ya boneti. Alizima injini kwa kuchomoa waya. Akafungua kifuniko cha distributa, akatoa rota, kile kipande kidogo kinachogawa moto, akakitupa bondeni kwa nguvu zake zote.

"Umefanya nini?"

"Nimepunguza uzito."

Ildefonsi alimpiga kwa kitako cha bastola. Mara moja, jicho. Mara ya pili, pua ikavunjika. "Washa! Washa, mwana wa mbwa!"

"Haiwaki. Hata Mungu haiwashi."

Landrova ilikata kona. Ildefonsi alikumbatia sanduku na kukimbilia juu. Hatua kumi. Askari aliyebaki alipiga magoti, si kwa sala, kwa kulenga. Risasi iliingia mgongoni ikatokea kifuani. Sanduku lilimwangukia.

Saa nane na dakika ishirini na tano.

Egidi alikuwa shimoni, pingu mikononi, kichwa cha Izidori mapajani. Mzungu hakushuka huko. Alikuwa ameinamia injini ya Moris, anagusa kabureta, anapima unene wa hedi kwa vidole, anapiga mluzi.

"Wewe!" aliita. "Nani amefanya kazi hii?"

"Mfunikeni kwanza huyu."

"Nimeuliza injini."

"Mfunikeni kwanza."

Askari aliteremka. Halafu akavua sweta lake la sare, akalitandaza usoni pa maiti, akalivuta likafika kidevuni.

"Askari!" Mzungu alipiga kelele kutoka barabarani. "Hiyo ni mali ya serikali!"

Askari akainama. Akalichukua sweta, akalikung'uta majani, akalivaa.