Kikohozi Kisichokuwapo

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kazi ya Gloire ya kila asubuhi ilikuwa maji. Alibeba bidoni la njano mpaka kwenye bomba la mtaa wa Kapata, akapanga foleni na wasichana wenzake, barakoa zikining'inia kidevuni, wakapiga soga hadi zamu yake ifike.

Saa hizo za asubuhi baba yake, Tata Kisimba, alikuwa ameshatoka kwenda kutembea. Alikuwa dereva wa magari makubwa mgodini. Korona ilipoingia, kampuni iliwafungia wafanyakazi ndani miezi miwili. Katika miezi hiyo Hénock, mdogo wake Gloire, alishikwa na malaria kali, akafariki siku ya nne. Baba aliporuhusiwa kutoka, alikuta kaburi limekwisha kuota majani. Hata matanga hayakuwapo. Mikusanyiko ilikatazwa, kwa hiyo hakuna aliyewasha moto uani, hakuna aliyelala mkekani, hakuna aliyeimba.

Basi akawa anatembea. Kila kulipopambazuka alishika njia ya porini nyuma ya nyumba, peke yake, na kurudi saa nne, suruali imelowa umande hadi magotini. Hakuleta kuni wala uyoga. Lakini akirudi alinawa mikono, akakaa, akala bukari, ugali wa kwao, sahani nzima. Gloire aliiona suruali iliyolowa. Sahani iliyokwisha hakuiona.

Siku moja bombani, Shekina, msichana mwenye ulimi mwepesi, alimgeukia. "Gloire, dada yangu alimuona tata yako kule porini. Alikuwa anasemesha muti. Ule muti ulimujibu nini?"

Wasichana wakacheka. Uso wa Gloire ukawaka kwa haya.

"Haiko vile," alisema. "Anatafuta mizizi ya dawa. Anakohoa."

Kicheko kikakatika palepale. Shekina akavuta barakoa hadi puani. Foleni nzima ikasogea pembeni, na Gloire akachota maji wa kwanza. Kwa kweli, alirudi nyumbani akijiona mjanja.

Kabla ya saa sita mchana, Tata Mwenze, mkuu wa barabara yao, alisimama ng'ambo ya mtaro. Akatangaza kwamba katika nyumba hiyo hatatoka mtu siku kumi na nne. Maji wataletewa mlangoni. Bibi yake Gloire mzaa baba, waliyemwita Kambo Ernestine, aliyewalea watoto tangu mama yao alipofariki, aliuliza ni nani aliyesikia mtu akikohoa humo ndani. Mwenze akajibu kuwa barabara nzima inajua. Baba hakubishana. Alisema kama ni sheria, basi ni sheria, akaingia ndani. Gloire alikodolea macho bidoni lake.

Siku ya kwanza baba alizunguka uani. Siku ya pili alikaa akiutazama ukuta. Siku ya nne sahani yake ilirudi jikoni ikiwa imejaa. Siku ya tano Gloire alimsikia akiongea na Kambo, sauti imekauka.

"Mama, kule porini tu njo niliweza kumulilia Hénock. Humu ndani nasikia tu vile aliniita, na mi sikukuwa pale."

Gloire alimfuata bibi jikoni, akamwambia yote. Kambo alimaliza kuchambua maharage. Kisha akamshika mkono mpaka mlangoni, akamtaka amwite Tata Mwenze yeye mwenyewe, kwa sauti, majirani wasikie. Gloire aliita. Alikiri mbele ya wote kwamba baba yake hakukohoa hata mara moja, kwamba alidanganya ili wasimcheke. Kesho yake muuguzi alikuja na kipimajoto, hakukuta ugonjwa, na mlango ukafunguliwa. Hata hivyo, kwa wiki nyingi wapo waliovuka barabara walipomwona Tata Kisimba. Uongo ulikuwa umekimbia mbio. Ukweli uliufuata kwa miguu.

Gloire alingoja fimbo. Haikuja. Asubuhi iliyofuata baba alimwita waende wote. Walitembea kati ya miti, nyasi zikiwalowesha, mpaka kelele za magari ya mgodini zikapotea. Hapo baba akasimama, akaweka kiganja kwenye gome la mti, akalia waziwazi. Gloire hakuwahi kumwona akilia. Alipomaliza, alijifuta kwa mkono wa shati.

"Kampuni ilinifungia miezi miwili," alisema. "Ile haikunijua. We unanijua, na ulinifungia siku sita."

Gloire akaanza kuomba msamaha. Baba akamvuta karibu.

"Nimekusamehe. Lakini zile siku hazitarudi, zilikuwa zangu na za Hénock. Batu kule bombani bakikuuliza tena, sema kweli: tata anaenda kulilia mutoto wake. Kulia haiko haya, mwanangu. Haya ni kumusemea uongo mutu mwenye kulia."