Sitini au Sabini

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Vidole alikuwa na kazi moja: kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kuandika vipimo vya wateja. Mama yake, fundi wa nguo, alizungusha tepu mwilini mwa mteja huku ameuma pini mdomoni, akataja namba, na mtoto akaandika daftarini. Kazi nyepesi, utasema. Nyepesi kwako wewe! Kwa binti huyu wa miaka kumi na miwili yalikuwa mateso.

Jina la Vidole alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu hata saba jumlisha tano aliihesabu vidoleni, chini ya dawati, na vidole vikimwishia akaanza upya. Si kwamba hakuwa na akili. Insha zake zilisomwa mbele ya darasa zima. Lakini namba zilimpiga chenga kila siku. Jedwali la kuzidisha alilokariri jioni, asubuhi lilikuwa limeshamtoka. Sasa mwalimu wa hesabu alikuwa amemwandikia mama barua: asipopata hamsini kwa mia katika mtihani wa mwisho wa muhula, atarudishwa darasa la tano. Na huko ndiko alikosoma mdogo wake. Hebu fikiria, kusoma darasa moja na mtoto uliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Siku moja nesi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake mpya. Akaingia nyuma ya pazia kuijaribu. Baada ya muda wakamsikia akihema.

"Fundi, zipu haipandi!"

"Vuta tumbo kidogo, dada."

"Nimelivuta mpaka limegusa mgongo!"

Mama akafungua daftari. Kiuno, 68. Akampima nesi upya. Sabini na nane.

"Wewe mtoto! Nilikwambia sabini, ukaandika sitini? Masikio uliyaacha wapi?"

"Nilisikia, mama."

"Kama ulisikia, mbona hukuandika?"

Vidole akaikodolea macho ile 68. Neno alilisikia vizuri kabisa. Lakini sitini na sabini kwake yalikuwa maneno mawili yanayofanana tu, na hakujua lipi linaanza na sita na lipi na saba. Hamsini ndiyo kabisa, haina hata harufu ya tano! Angeweza kuuliza, lakini alishachoka kuchekwa. Alizoea kuitikia "sawa" na kubahatisha.

"Uvivu tu!" mama alifoka. "Kitambaa chote hiki nimekikata bure!"

Vidole akaitupa kalamu sakafuni. "Mimi si mvivu! Najitahidi, haziingii! Haziingii, mama!" Akalia kwa hasira.

Nesi akatoka nyuma ya pazia, zipu wazi mgongoni, khanga begani. "Ngoja kwanza, fundi." Akachota vifungo kwenye boksi, akapanga mafungu mawili mezani, moja la vifungo vitatu na jingine la vinne. "Binti, tazama tu. Vingi viko wapi?"

Vidole akainamia meza, akaanza kugusa kifungo kimoja kimoja. Hata vile vitatu, ambavyo mtu huvijua kwa kutupia jicho tu, alivihesabu.

Nesi akamgeukia mama. "Huyu si mvivu. Hospitali kubwa kuna daktari wa ubongo wa watoto. Mpeleke."

"Ubongo? Mwanangu si kichaa!"

"Nani kasema kichaa? Mtoto asiyeona vizuri unampa miwani, humfokei."

Wiki iliyofuata walikuwa mbele ya daktari, mwanamke mmoja mcheshi aliyemvalisha Vidole kofia ya kitambaa yenye nyaya nyingi za kupima kazi ya ubongo. "Haiumi," alimwambia. "Na haisomi siri zako, kwa hiyo usiogope." Vidole akafanya hesabu ndogondogo, na kwenye skrini mistari ikapanda na kushuka. Halafu akapewa maswali ya kuandika kwenye karatasi.

"Mashine peke yake haitoshi kuamua," daktari alimweleza mama, "ndiyo maana nimempa na maswali. Vyote vinasema jambo moja. Mwanao ana ugumu wa kujifunza hesabu. Akijumlisha saba na tano, ubongo wake haujalala hata kidogo. Unahangaika kuliko wa watoto wengi wa umri wake, kwa hesabu ileile. Wenzake wanapita njia ya mkato, yeye anazunguka mtaa mzima."

"Kwa hiyo anachoka," mama alisema taratibu.

"Sana. Lakini kwa mazoezi yanayomfaa, wengi huendelea vizuri. Mpe vitu vya kushika. Na usimharakishe."

Mama akainamisha kichwa. Njia nzima ya kurudi alimshika binti yake mkono.

Mazoezi nayo hayakuwa lelemama. Walitunga vifungo kumikumi kwenye uzi, na kila jioni Vidole alivipanga, akachanganya, akakasirika, akapanga tena. Siku moja alichana ukurasa mzima. Ni yeye mwenyewe aliyegundua dawa yake: badala ya sitini, alisema kwanza "makumi sita", akashika nyuzi sita, ndipo akasema sitini. Mwalimu aliposoma barua ambayo daktari alimwandikia alikuna kichwa. Akakubali kumwongezea muda wa mtihani na kumruhusu aingie na vifungo vyake. "Lakini hamsini ni hamsini," akasema.

Mwisho wa muhula mwalimu aliwaita wote wawili ofisini. Akaweka karatasi mezani, uso hausomeki.

"Hamsini na tatu."

Vidole alisimama, midomo ikicheza. Mama alimtazama, akingoja aelewe.

"Makumi matano," mtoto alinong'ona. "Na tatu." Kisha akaruka mpaka kiti kikaanguka. "Nimepita!"

Mama alimkumbatia, akashindwa kuzuia machozi. "Nilikuita mvivu bila kujua unahangaika kiasi gani. Nisamehe, mwanangu. Na wewe una kosa moja: uliitikia 'sawa' wakati hukuelewa. Kuuliza si ujinga. Usiponiambia unapokwama, nitakusaidiaje?"

"Nitauliza, mama. Mpaka mnichoke!"

Mwalimu akacheka, kisha akawa makini. "Na mimi nimejifunza. Kila siku nilisahihisha makosa yako kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kukuuliza umeyapataje. Bidii haionekani daima kwenye majibu." Akatoa nakala ya ile barua ya kumrudisha darasa la tano, akaichana. "Muhula ujao dawati lako ni lilelile, darasa la sita."