Gitaa Lililoshushwa Moshini

Lugano aligonga gitaa mara moja, nalo likajibu mara mbili.

Akagonga tena, kwa kifundo cha kidole, kama seremala anavyopima mbao asiyoiamini. Ko. Kimya kidogo. Kisha, kutoka ndani: ko, ko.

"Kuna kitu kimelegea," akajiambia, akacheka peke yake katika karakana yake pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, huku mvua ikichapa bati.

Gitaa lilikuwa la marehemu baba yake, Gwakisa, aliyewachezesha dansi wafanyakazi wa kiwanda cha chai mpaka soli za viatu zikaisha. Kisha, ghafla, aliacha kupiga, akang'oa nyuzi zote. Miaka thelathini gitaa lilikaa kijijini kule Masoko, kando ya ziwa, kwenye kichanja juu ya jiko, pamoja na mbegu za mahindi, likila moshi. Siku ya kumaliza msiba, Hosea, kaka mkubwa, ndiye aliyelishusha.

"Chukua, mdogo wangu. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye mwimbaji."

Hosea alikuwa mwinjilisti, lakini tangu siku baba alipofariki sauti ilikuwa inamkauka. Alihubiri kwa kukwaruza kama jogoo mwenye mafua.

"Gwe Hosea!" Shangazi Atupokile alimshika mkono. "Baba yenu alilipandisha mwenyewe. Lile jini lake la ziwani haliwezi moshi. Liache lilale."

"Shangazi, moshi ni wa nyama na mbegu," Hosea akasema, na waombolezaji wakacheka. Lugano naye akacheka. Kaka huyu ndiye aliyemshika kidole akamfundisha kuandika, herufi kwa herufi, kwa mkaa, juu ya jani la mgomba. Angempa kitu kibaya?

Basi akaanza kazi. Siku mbili alifuta masizi kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, mpaka mbao ikang'aa rangi ya asali. Ufa akauziba kwa gundi, akaubana kwa vipande vya mianzi. Funguo za kukazia nyuzi, zilizoshika kutu, akazibadilisha. Lakini kadiri masizi yalivyotoka, ndivyo harufu ilivyoingia: maji yaliyotuama, tope, majani yaliyooza, harufu ya ziwa, katika mbao iliyokaushwa miaka thelathini.

Akafunga uzi wa kwanza. Koo likamwasha.

Uzi wa tatu, na jioni kwenye mazoezi ya kwaya alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. "Baba Neema, leo sauti ya tatu imeenda likizo?" wenzake wakamtania. Hosea akasimama kuomba, na sauti yake ilikuwa safi, nzito, kama ya kijana wa miaka ishirini. Watu wakalia, amina, ameponywa. Lugano alipiga makofi kuliko wote.

Uzi wa tano, akabaki na mnong'ono. Mkewe, Ikupa, alimletea tangawizi ya moto, akasimama mlangoni.

"Jana nilikusikia unaimba humu," alisema polepole.

"Jana nilishinda kule Suma, sikuwa hapa."

"Najua."

Uzi wa sita aliufunga mchana, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kizingitini. Alipokaza ufunguo alisikia kitu kikikazwa kooni mwake pia, zamu kwa zamu, na hakuacha, kwa sababu mikono ya fundi haiachi kazi iliyobaki kidogo, akakaza, na ndani ya gitaa kitu kikavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka majini, na alipotaka kumwita Ikupa hakukuwa na mnong'ono tena, hakukuwa na chochote.

Akachukua kioo kidogo na tochi, akachungulia kwenye tundu. Chini palikuwa pamebandikwa karatasi ya zamani. Herufi alizisoma kinyume, moja moja. Kwa penseli, mwandiko wa baba: *Vidole vya kupigia nimepewa ziwani. Siku nikifa, nyuzi zikirudi, sauti ya Hosea italipa.*

Jina la Hosea lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya bluu, wino mpya. Juu yake: *Lugano*. Herufi g ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoana. Mkia ule aliujua. Alifundishwa kuukunja juu ya jani la mgomba.

Akashika koleo azikate nyuzi zote. Simu ikaita. Kaka.

Akapokea, kifua kikiwaka matusi yote aliyowahi kuyasikia sokoni.

"Mdogo wangu," Hosea alisema kwa sauti yake mpya. "Gitaa... limekamilika?"

Lugano alifungua mdomo. Hewa tupu.

"Limekamilika, kaka," ilijibu sauti ya Lugano, kutoka mezani. Nyuzi zilitetemeka. "Nimeona ulichoandika. Nimekusamehe. Ndaga fijo, asante sana."

Upande wa pili, kwikwi. Kisha pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Asante, Lugano. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Jikoni sufuria ilianguka, miguu ikakimbia uani.

"Imerudi!" Ikupa alilia kwa furaha nje ya mlango. "Baba Neema, sauti imerudi! Hebu niimbie kidogo, nisikie!"

Lugano alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, akatikisa.

Gitaa likaanza kumwimbia mkewe.