Kiraka Kwenye Paa la Sola

Paneli moja ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake mwizi alikuwa ameezeka majani.

Inspekta Sadallah aliliangalia paa kwa muda mrefu. Lilikuwa fahari ya Kibiti. Baada ya biashara kuachiwa huru na magari ya mitumba kuanza kumiminika, wananchi, hadi wa vijiji vya porini, walichanga ili maegesho ya stendi yafunikwe kwa paneli za sola. Jua lile lile linalochoma watu likawa linawasha taa! Mpaka leo wapo wanaosimama pale kushangaa tu.

"Betri nayo haipo," alisema Konstebo Salima.

"Alama za vidole?"

"Hakuna, afande. Nati zimefunguliwa kwa spana."

"Mwizi gani anaiba, halafu anaziba tundu mvua isipite?"

Salima alicheka. Sadallah alipanda ngazi, akachomoa jani moja.

"Hapa tunaezekea makuti ya minazi. Hili ni la mvumo, mti wa porini."

"Mivumo imejaa kijiji cha Mloka, afande."

Waliingia Mloka jua limekwisha kuzama. Hawakuwa na haja ya kuuliza mtu. Katikati ya mpunga ulioiva, juu ya dungu la kulindia mazao, taa iliwaka peupe. Pale mwanga ulipoishia, kundi zima la tembo lilikuwa limesimama, masikio wazi, halisogei.

"Subhanallah," Salima alinong'ona.

Sadallah alisahau kilichomleta. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuona kitu kizuri na cha kutisha namna ile.

Mkulima mmoja, Mfaume, alishuka kutoka kwenye dungu.

"Paneli ya Kibiti hiyo?"

"Ndiyo, afande. Nimeichukua mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa nini?"

"Msimu uliopita tembo waliliangusha dungu. Binti yangu Mwanasiti alikuwa juu. Tukamzika. Mchango wa paa nilitoa kama wenzangu, lakini mimi nina gari gani?" Alionyesha juu, mkewe na watoto walikokuwa wakichungulia. "Nimebakiwa na hawa."

"Na majani?"

"Sasa ningewaacha watu wanyeshewe?"

Paneli ilikuwa kielelezo cha kesi, lazima iondoke. Sadallah alipanda dunguni, akachomoa waya wa taa. Giza likaingia. Papo hapo vishindo vikaanza kusogea ndani ya mpunga, dungu likatikisika, mtoto akalia. Inspekta aliurudisha waya haraka. Mwanga uliporudi, tembo wa mbele alikuwa karibu kuligusa dungu. Akasita, kisha akarudi nyuma taratibu.

Sadallah alishuka amelowa jasho. Mfaume alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.

"Nitie pingu, afande. Taa niachie."

Sadallah alimtia pingu. Taa akaiacha.