Majina Yaliyochapwa Nyakatuntu

Asubuhi ile ya mwaka tisini na saba jua lilikuwa zuri, watu wanaanika kahawa uani, na Kobusingye alikuwa njiani kutoka Kayanga, Karagwe, juu ya pikipiki ya mradi, akiwa na hasira zake za kawaida tu. Alikuwa fundi kompyuta wa mradi wa kahawa, na fundi kompyuta siku zile, tena mwanamke, alilaumiwa hata mvua isiponyesha. Safari hii malalamiko yalitoka Nyakatuntu. Printa haitii.

Mradi ulikuwa na kompyuta kubwa moja, seva, pale Kayanga. Ofisi za Kimuli na Nyakatuntu ziliitumia kwa mbali, kupitia redio ya mnara. Karani akitaka kuchapa kadi ya mwanachama, kazi inakwenda kwanza Kayanga, inapanga foleni kule, ndipo inarudi kwenye printa iliyo mbele ya macho yake. Ndiyo akili ya wakubwa hiyo! Mawingu yakitanda, kadi haitoki, na karani anabaki anaipiga printa makofi.

Alipofika alikuta uwanja umejaa watu wenye fimbo. Bibi Nyirabageni, mfagiaji wa ofisi, alikuwa amekalishwa chini ukutani, kitambaa chake cha kichwa kimetupwa vumbini.

"Shikamoo bibi," Kobusingye alisema, makusudi, wote wasikie.

"Marahaba mwanangu. Wanasema mimi ndiye ninayeiamsha ile mashine."

Karani Polikarpi, kijana mwenye shingo nene na afya ya kugawia wengine, ndiye aliyeeleza. Printa inakaa kimya mchana kutwa. Wakishafunga ofisi, inaanza kupiga yenyewe, wapita njia wanaisikia. Asubuhi kadi iko pale, na mwenye jina hachukui muda anazikwa. Laurensia kazikwa. Mzee Byarugaba kazikwa. Na anayezishika kadi hizo wa kwanza ni huyu mtu wa kuja.

"Leo anarudi kwao Rwanda, dada. Akikataa, tunachoma nyumba naye yumo ndani."

Hasira ilimpanda Kobusingye mpaka masikio yakawaka moto. Laurensia alikonda akabaki macho matupu. Karagwe nzima iliujua ugonjwa ule, na hakuna aliyethubutu kuutaja.

"Laurensia alikuja hapa kufanya nini?"

"Kuandikisha mrithi kwenye kadi yake."

"Na Byarugaba?"

"Yule alikuwa mzee tu, dada."

"Sema!"

"Kuandikisha mrithi."

"Basi ni wagonjwa! Mtu anaona siku zake zimekwisha, anakuja kumwachia mwanawe shamba. Wewe unachapa, haitoki, unakwenda zako kunywa rubisi. Kazi imekwama kwenye foleni Kayanga! Mawingu yakiondoka, redio inafunguka, kadi inatoka. Mchawi yuko wapi hapo? Mnataka kuua bibi wa watu kwa sababu ya mawingu? Hamna hata haya?"

Fimbo zikashuka kidogo. Kidogo tu. Akajua maneno matupu hayatamwokoa yule bibi.

Akawaingiza ndani, waliotosha, wengine wakachungulia dirishani. Akaifuta foleni yote mbele yao. Akachapa jina lake mwenyewe, KOBUSINGYE, akalituma Kayanga. Kisha, ili waone vizuri, akachomoa waya wa redio. Printa kimya. "Mnaona? Kazi yangu inasubiri. Nikirudisha waya, litatoka jina langu, na mimi nitaondoka hapa mzima."

Akainama kuurudisha.

Printa ikaanza kupiga.

Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Akautazama. Akaitazama printa. Kichwa cha printa kilikwenda na kurudi, taratibu, kikirarua ukimya. Karatasi ikapanda. Herufi moja. Nyingine. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa karibu, na mgongo wake uliwazuia wengine wasione.

POLIKARPI.

"Limetoka la nani?" Polikarpi aliuliza nyuma yake.

Kobusingye aliichana karatasi, akaikunja, akaisukuma ndani ya blauzi, huku waya akiuficha kwa mguu.

"Langu," alisema. "Si niliwaambia?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Wakatoka nje wakisukumana, wakiona aibu. Polikarpi ndiye aliyeokota kitambaa, akakikung'uta vumbi, akamfunga bibi kichwani kwa mikono yake. "Nisamehe, bibi." Kijana wa watu alikuwa na moyo, tatizo ni ujinga.

Nyirabageni alipopita karibu na Kobusingye alimshika kiganja. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Usilitaje hilo jina," alinong'ona. Naye hakujua kusoma.

Polikarpi alikuwa anapanda baiskeli. Kobusingye akamwita. Akageuka, anatabasamu.

"Naam, dada?"

Watu walikuwa bado uwanjani, na fimbo zao. Neno moja tu, na yule bibi angechomwa. Kobusingye alilimeza.

"Nenda salama," akasema.

Jioni ile walimkuta Polikarpi mteremkoni, baiskeli imesimama vizuri, yeye amelala kando yake, amekufa bila mkwaruzo. Hakuna aliyemtaja Nyirabageni, kwa sababu wote waliona kwa macho yao kwamba ile mashine haina neno. Kobusingye aliposikia alirudi Nyakatuntu na jembe, akaivunja printa vipande vipande huku akilia na kuitukana. Mradi ukamfukuza kazi. Hakujitetea.

Ile karatasi aliichoma siku ileile ilipochapwa. Lakini wino wa jina lile ulikuwa umemshika kifuani, pale ilipolalia, na hakuna sabuni wala mafuta ya taa yaliyoutoa. Fundi kama yeye anajua kwamba wino wa karatasi ukihamia kwenye ngozi husomeka kinyumenyume, kama muhuri. Wa kwake unasomeka sawasawa, kama uliochapwa palepale kwenye ngozi.