Mlango wa Kutoka Tu

Kilichoanza ni harufu. Fundi Miiba aliingia sebuleni kwake saa kumi na moja jioni, akavua viatu, akanusa, akanusa tena, kisha akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

"Mbona humu mnanuka mavi ya njiwa?"

"Labda ni nguo zako za kazi, mume wangu."

"Nguo zangu za kazi ziko kwenye gari. Haziingii humu. Hujui hilo?"

Mkewe alijua. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu Fundi Miiba hakuwa mtu wa kufungia sifa zake kabatini. Kazi yake ilikuwa kuzuia ndege kwenye majengo, njiwa hasa, na kunguru wakizidi. Jina la Miiba alilipata kwa ile safu ya vyuma vilivyochongoka anayoigandisha kwenye kingo za madirisha ya watu ili njiwa asipate pa kutua. Nyumba yake mwenyewe ndiyo ilikuwa tangazo lake. Kila dirisha lina wavu wa waya, kila tundu la paa limezibwa, na tangu ijengwe hakuna ndege aliyewahi kuiachia hata unyoya. Binadamu aliwagawa mafungu mawili, wenye njiwa na wasio na njiwa, na wenye njiwa aliwaona wachafu hata kama wametoka kuoga.

"Njiwa hafukuzwi," angemwambia mteja, kidole juu. "Njiwa hunyimwa raha. Kwanza unamharibia masikio, halafu unamharibia pa kukaa, halafu pa kulala. Mwisho unamwekea mlango wa kutoka tu. Akienda kutafuta chakula, harudi ndani. Atahama mwenyewe, na atadhani ameamua yeye. Ana akili gani? Kichwa chenyewe kama njugu!"

Mlango huo ulikuwa kibati kwenye bawaba. Ukikisukuma kutoka ndani kinafunguka, ukikisukuma kutoka nje kimegoma.

Mtu mmoja tu duniani hakuonja dharau ya Fundi Miiba, naye ni mama yake mzazi. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imekufa ganzi mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi fundi alimbeba mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, akamwekea fimbo yake mkononi ya kugongea ukuta akitaka kitu, na jioni akambeba tena. Hapo sauti yake ilikuwa laini, utadhani kuna mtu mwingine ndani ya ile fulana. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na kwa kweli ndilo jambo pekee la kumsifia.

Siku tatu kabla ya harufu, fundi alikuwa amefunga dari ya jengo moja la ofisi, jengo kuukuu la ghorofa nne ambalo njiwa walilala darini tangu enzi zisizokumbukwa. Kesho yake mama wa usafi wa jengo lile alimpigia simu.

"Fundi, darini kuna vitu vinalia."

"Vifaranga hivyo."

"Sasa si uje uwatoe?"

"Mama, nipande ghorofa nne kwa ajili ya kifaranga? Ni siku tatu tu. Baada ya hapo kunanyamaza."

Mama wa usafi alishusha sauti. "Na kuna kingine, fundi. Saa ile njiwa wanaporudi kulala, kuna kitu kinasukuma kibati chako kutoka nje. Si mdomo wa ndege. Kinasukuma kwa kiganja."

Fundi Miiba alicheka hadi machozi, akaenda kuisimulia mezani wakati wa chakula, akiiga sauti ya yule mama. Siku ya tatu kule darini kukawa kimya, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo sebule yake ikanuka.

Kesho yake, saa tano ya asubuhi, mkewe alikuwa anakunja nguo aliposikia kilio juu ya dari. Mumewe alikuwa na kipaza sauti anachokitega juu ya mapaa, kinachopiga kila baada ya dakika kumi sauti ya njiwa aliyekamatwa na mwewe, ili wenzake waogope. Kilio hiki kilikuja vilevile, kila baada ya dakika kumi. Ila hakikuwa cha njiwa. Kilikuwa cha mwanamke anayekabwa, na mwanamke huyo, mke wa fundi alikuja kutambua mara ya tatu huku nguo zikimdondoka mikononi, alikuwa yeye.

"Panya," alisema fundi alipoambiwa.

"Panya analia kwa sauti yangu?"

"Wewe mwenyewe ukilia unafanana na panya." Akasonya, akaenda kunawa. Kiburi si maungwana, lakini nani wa kumwambia?

Siku iliyofuata ikawa zamu ya viti. Mkewe alikaa kwenye kochi, akaruka. Nyuma ya gauni lake kulikuwa na vitone vya damu vilivyojipanga mstari mmoja ulionyooka. Fundi akalipekua kochi lote, mto kwa mto, asione hata pini. Lakini aliupima ule mstari, maana mkono wa fundi hauachi, na kati ya kitone na kitone palikuwa na vidole viwili kamili, nafasi ileile anayoiacha yeye kwenye kingo za watu. Siku hiyo hakusema panya.

Kisha kitanda. Walijinyoosha baada ya chakula cha usiku, wakajikuta wakiteleza, taratibu, kama mtu aliyelala juu ya paa, hadi wote wawili wakawa sakafuni. Fundi akaleta pima maji yake, akailaza juu ya godoro, na kiputo kikatulia katikati bila kutikisika, kitanda sawa, sakafu sawa, nyumba sawa, naye akapanda tena kwa hasira akashika mbao kwa mikono miwili, na bado mwili wake ukateremka, vidole vikiachia kimoja kimoja, huku kule juu kilio cha mkewe kikipiga kwa wakati wake.

"Tuhame," mkewe alinong'ona.

"Nihame nyumba yangu? Mimi?"

Chumbani kwa mama ndiko hakukuwa na tatizo lolote. Kiti hakikuchoma, kitanda hakikuteleza.

"Mimi hunisumbui," bibi alimwambia mwanawe. "Unapita tu hapo mlangoni, unanitazama, unaenda zako."

"Nakutazama saa ngapi, mama? Mchana mimi niko kazini."

"Si wewe? Ana umbo lako. Ila ananitazama vile unavyotazama mapaa ya watu."

Ndipo mkewe, bila ruhusa, akamleta Bi Cherehani. Huyu alikuwa mshonaji mzee wa mtaa wa pili, aliyewatibu watu wenye majini katikati ya pindo na pindo. Alikuja na futi yake ya kitambaa shingoni na nyuzi kwenye sketi. Fundi alimtazama akabetua mdomo. Kama ni mganga, basi angalau angekuja na sura ya mganga.

Bi Cherehani alikaa sakafuni. "Kazi yako nini, mwanangu?"

Fundi hakuwahi kukataa swali hilo. Akamweleza yote, masikio, pa kukaa, pa kulala, kidole juu. Alivyozidi kueleza ndivyo yule mzee alivyozidi kujikunyata.

"Na ukiwafukuza, unakuwa na hasira nao?"

"Hasira na njiwa? Nimkasirikie njiwa mimi?"

"Basi hata jini huyu hana hasira na wewe," alisema Bi Cherehani kwa sauti ya chini sana. "Ulimfungia mlango wa kwake kule darini, akakufuata kutazama unavyoishi, akapapenda. Hakuchukii. Anakuona njiwa. Niambie, baada ya kitanda huwa unafanya nini?"

"Naweka mlango wa kutoka tu."

"Sikilizeni ndugu zangu!" Akamshika mke wa fundi mkono. "Asitoke mtu humu. Mkitaka kutoka, atangulie kubebwa asiyeweza kutembea. Mnanielewa? Mama kwanza."

Kuitwa njiwa, nyumbani kwake, na mshona pindo! Fundi Miiba alimwinua yule mzee kwa kiwiko. "Nenda kashone vifungo, bibi wewe," akamkokota hadi nje, uani, hadi getini. Mkewe, aibu imemjaa, akakimbia nyuma yao kuomba radhi.

Mlango ukajirudia nyuma yake taratibu, ukatoa mlio mdogo wa bati.

Ufunguo ulizunguka vizuri tu. Mlango haukusogea. Fundi akapiga bega, akapiga teke, akaenda dirishani kwa mama na koleo lake, akaanza kukata wavu, na kila waya aliokata aliusikia ukikatika, na vipande aliviona vikianguka miguuni pake, na alipoinua macho wavu ulikuwa mzima, imara, umevutwa vizuri, kazi ya fundi anayejua kazi yake. Majirani wakaja na mtalimbo. Wakang'oa tofali, nyuma yake wakakuta tofali, wakang'oa na hilo, na hadi jua linazama walikuwa na rundo la matofali linalotosha kujenga choo, na ukuta haujapata hata tundu la kupitisha kikombe cha maji.

"Kafungue ulikomfungia," alisema Bi Cherehani. Hakwenda zake, ingawa angekuwa na haki.

Fundi aliendesha gari kama kichaa. Alipanda ghorofa nne anahema, akang'oa kibati kwa mikono mitupu hadi kucha zikatoka damu. Ndani, karibu kabisa na mlango, vifaranga watatu walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, wamekauka, midomo imeelekea nje. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuchungulia. Alilia palepale, na kusema kweli alikuwa anajililia mwenyewe.

Aliporudi, Bi Cherehani alikuwa amebandika sikio mlangoni.

"Nimemwambia kwake kumefunguliwa. Anasema harudi. Anasema kule kunanuka, na hapa ni pasafi, kuna wavu mzuri, hakuna njiwa hata mmoja."

"Mwambie nitampa chochote! Mwambie mama yangu yumo ndani!"

"Anajua."

"Mwambie mama anasikia kiu!"

Jibu lilitoka lenyewe, juu, kwenye tundu la hewa la dari. Ilikuwa sauti ya fundi mwenyewe, ile anayowatulizia wateja, ya uchovu kidogo, ya mtu mwenye shughuli nyingine.

"Ni siku tatu tu. Baada ya hapo kunanyamaza."

Tangu hapo Fundi Miiba hajaondoka ukutani. Mkewe anamletea maji naye hayanywi. Ndani fimbo inagonga, ko, ko, ko, bibi anataka kitu, kisha inapumzika, na ikipumzika fundi anabana pumzi hadi igonge tena. Aliyewafundisha wateja kwamba kimya ndio ushahidi wa kazi nzuri, leo amebandika paji la uso kwenye tofali akimwomba Mungu kelele zisikome.

Tangu alasiri fimbo inagonga polepole zaidi. Hii ni jioni ya siku ya pili.